Roboti hawana hofu: kwa nini nacheza Rocket League na watu nisiowajua

Mkuu, umeuliza kwa nini tunajisumbua kucheza Rocket League na watu wa mtandaoni wakati gemu ina roboti wa kutosha, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, hawatukani wala hawakimbii mechi. Nimeicheza miaka mingi, na roboti nawakumbuka intaneti inapokata tu.

Kwa asiyeijua, ni soka la magari yanayoruka: uwanja umezungushiwa kuta, mpira ni mkubwa kuliko gari, mechi ni dakika 5. Ilitoka 2015, na tangu 2020 hailipiwi.

Utamu wake uko kwenye kusoma nia ya mtu. Roboti anaufuata mpira, basi. Mtu anasita, ana uchu, bado ana hasira na goli ulilomfunga sasa hivi. Tukicheza mmoja kwa mmoja, mpinzani akiwa golini na mpira unashuka mbele yangu, najifanya naruka. Mwenye papara ataruka kuzuia. Mimi natulia, naacha mpira udunde, nausukuma polepole wavuni huku yeye bado anaelea juu. Mara ya pili hakubali tena, anabaki chini, na hapo sasa ndipo naruka kweli. Ni mabishano kamili, na hakuna aliyefungua mdomo.

Tukiwa watatu kwa watatu ndiyo raha zaidi. Mmoja anashambulia, wa pili anakaa karibu, wa tatu analinda. Ukishapiga unazunguka kurudi nyuma, mwenzako anachukua nafasi yako. Hakuna kocha wala anayepanga. Halafu kuna suala la nishati ya roketi, ile inayolipa gari kasi. Maduara makubwa yanayojaza tangi lote ni 6 tu uwanja mzima, na likichukuliwa linarudi baada ya sekunde 10. Mtu akipita pembeni ya duara na kukuachia kwa sababu ameona umekauka, huyo mstaarabu. Huwezi kumpora mwenzako nishati kisha ukalalamika kwamba halindi! (Wapo, tena wengi.)

Na saa ikifika sifuri mechi haiishi mpaka mpira uguse chini. Tukiwa nyuma kwa goli moja, tunauparuza ukutani, mmoja anaukosa, mwingine anaunyanyua kwa ncha ya bampa, wapinzani wanahangaika kuukandamiza chini. Ukicheza na roboti hali hii inatokea pia, ila hakuna anayetetemeka.

Kero zipo. Ukifungwa goli la kizembe, kuna atakayekubofyia ujumbe wa kejeli, "umeokoa vizuri sana!", mfululizo. Mimi huzima maandishi, naendelea.

Kama bado huamini, ingia mechi za kawaida, zile zisizo za madaraja, usubiri mchezaji mmoja aondoke. Kiti chake hujazwa na roboti mpaka apatikane mtu mwingine. Hata usipotazama jina utamjua: anakukimbilia mpira ambao tayari ni wako, na hajui kungoja.

Ushauri wangu, anza na wawili kwa wawili. Watatu wanachanganya mgeni, na mmoja kwa mmoja utafungwa mpaka uchukie. Roboti watumie kujifunzia kuruka tu.