Vile vitunda vya kijani vinavyolala chini mbugani vinalika, ila pasua kwanza

Mkuu umeuliza hivyo vitunda vya kijani, vyekundu kidogo upande wa juani, walivyookota watoto huko Nebraska, Marekani, kama vinalika. Kama ndo vyenyewe, vinalika, mi nimekula sana tu. Huku wanaviita ground plum, kitaalamu Astragalus crassicarpus, ila jina la plamu lisikudanganye maana utamu wa tunda hamna hapo, ni njegere mbichi kabisa ukitafuna na ganda lake, na kweli ni ukoo mmoja na njegere na kunde.

Sasa kabla hujampa mtoto kingine, pasua kimoja. Chenyewe kina nyama nene yenye majimaji na katikati kuna ukuta unagawa vyumba viwili vya mbegu. Ukikuta ganda jembamba kama karatasi achana nalo, maana huu mmea una ndugu wabaya, kuna wanaowatia wazimu farasi na ng'ombe wakila, na wengine wananyonya madini ya seleniamu ardhini hadi wanakuwa sumu. Mi mara ya kwanza nilimpelekea mzee mmoja anayeijua mimea ya huku akaangalia ndo nikatia mdomoni, ushujaa wa kujaribujaribu sina.

Baadae nikataka niwe nao uani. Mwaka wa kwanza nikamwaga mbegu kama mchicha, haikuota hata moja, zina ganda gumu balaa. Mwaka uliofuata nikazikwangua kidogo na msasa, nikachanganya na mchanga wenye unyevu nikaweka kwenye friji wiki kadhaa (wife alitaka kutupa akajua ni chakula kimeoza), zikaota vizuri, halafu mimi huyohuyo nikang'oa miche niihamishie pazuri zaidi na yote ikafa, kwa sababu mzizi wake unazama chini sana na hautaki kuguswa. Kwahiyo panda palepale itakapokaa, juani, udongo usiotuamisha maji, na nyasi ndefu ziwe mbali maana yenyewe inatambaa tu, ikifunikwa basi.

Kuona maua ya zambarau ilibidi nisubiri mpaka mwaka wa tatu, mwezi wa nne hivi, nyasi zingine bado zimelala. Matunda ya kwanza panya walibeba yote, sikuonja hata moja. Na sio panya tu, Walakota, wenyeji wa asili wa huku, wanakiita chakula cha nyati, na msafara wa Lewis na Clark, wapelelezi wa Kimarekani, ulikikuta njiani 1804.

Kupika: chuma vikiwa vichanga, kata katikati, kaanga na kitunguu na nyanya kama unavyofanya bamia, mlenda hamna. Mi navipenda zaidi achari, siki na pilipili nyingi. Ukichelewa vinakauka vinakuwa kama gome la mti, hata meno hayapiti.

Alafu kama hapo walipookota ni hifadhi msichume tena. Hebu pasua kimoja uweke picha hapa tukione ndani.