Maswali ya Wasomaji: Joto lote hili la Tanga, umeme wa bure hatupati?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Binti yangu wa fomu foo kaniambia ndani ya mwili kuna vimashine vinatembea kwa kusukumwasukumwa na joto. Sasa huku tunaungua, mbona hakuna anayetengeneza kigurudumu cha kula hili joto kitupe umeme wa bure?

JIBU: Marahaba fundi. Wewe ndo wa kuulizwa hili, maana kifaa chenyewe unakishika kila siku, kile cha gurudumu la nyuma chenye meno na vikucha kinacholia tiktiktik, mbele kinakubali nyuma kinagoma. Mwaka 1912 mwanafizikia Marian Smoluchowski alikifikiria hichohicho kikiwa kidogo mno, mpaka molekuli za hewa zinazorukaruka ovyo kwa joto zinakitikisa, zikikipiga kwa mbele kinasogea, zikikipiga kwa nyuma kikucha kinazuia, si kitazunguka bure? Wapi! Kikucha nacho ni kidogo vilevile na kina joto lilelile kwahiyo nacho kinarukaruka, mara kimenyanyuka chenyewe gurudumu likarudi, ukipiga hesabu ya mbele na nyuma unabaki palepale. Mwanafizikia Richard Feynman alilifundisha hili chuo cha Caltech, Marekani, mwaka 1962, akaonyesha kwamba ili kifanye kazi kikucha kiwe cha baridi kuliko upande ule unaopigwa na molekuli. Joto likiwa sawa kila mahali hupati kitu, hata liwe la Tanga mwezi wa pili.

Binti hajakosea ila kakupa nusu ya habari. Kuna protini inaitwa kinesini, ina miguu miwili, inabeba mizigo ndani ya seli kwa hatua za nanomita 8 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), na inaweza kupiga kama hatua 100 kwa sekunde (mi hapo huwa nashangaa kila nikikumbuka). Mguu ukiachia, joto ndo linaurusharusha huku na huku mpaka uguse mbele, lakini kinachofanya ushike mbele na sio kurudi ulikotoka ni ATP, yaani molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na kila hatua inalipiwa ATP moja, nayo inatoka kwenye ugali uliokula. Bure hakuna hapo.

Ukitaka tofauti ya joto tazama baharini, maji ya juu moto, kule chini anakoishi samaki silikanti baridi. Hawaii waliwasha mtambo wa umeme unaotumia tofauti hiyo mwaka 2015, kama kilowati 100 tu, na mabomba yake yanashuka mamia ya mita.