Wa mbele siyo rubani

Hapana mkuu, umesema kwenye picha ya Albatros B.II, ndege ya Wajerumani ya Vita vya Kwanza vya Dunia, anayekaa mbele ndo rubani, ila huyo ni mtazamaji, rubani ndo yule wa nyuma. Watu wengi wanachanganya hapo kwa sababu kwenye ndege tulizozoea dereva yuko mbele, ila kwa Wajerumani wa 1914 ndege za daraja la B zilipangwa hivyo, watu wawili, injini ya Mercedes yenye nguvu za farasi kama 100 hadi 120, na bunduki hakuna, kazi yake ilikuwa kuruka juu ya mstari wa adui kuangalia mizinga na vikosi viko wapi halafu kurudi kutoa taarifa. Shida yenyewe ukiangalia vizuri utaiona, huyo mtazamaji kakaa katikati ya mabawa, bawa la chini linamziba asione ardhi, na hata ungempa bunduki angepiga wapi wakati propela iko mbele yake na nguzo na waya zimemzunguka pande zote. Ndo maana 1915 zilipokuja za daraja la C, kama Albatros C.I, wakawageuza, rubani mbele, mtazamaji nyuma na bunduki yake ya rasharasha ya Parabellum. Mimi nilikaririshwa hilo na ile B.IIa (toleo mojawapo la B.II) iliyopo makumbusho ya ndege Kraków, Poland. Ila angalizo, hii kanuni ya mtazamaji kukaa mbele ni ya Wajerumani wa wakati huo tu, usiibebe kwenye kila ndege ya zamani.