Maswali na majibu: Ndani ya 241,038

Vitabu vingi huandika kwamba eneo la Uganda, maji yakiwemo, ni kilomita za mraba 241,038. Wasomaji wameishika namba hiyo.

Namba kubwa hivi naichambuaje mpaka zibaki namba tasa tupu? (Mwanafunzi, Mbale)

Tazama tarakimu ya mwisho: 8, namba shufwa. Gawanya kwa 2 upate 120,519. Jumlisha tarakimu zake: 18. Inagawanyika kwa 9, basi gawanya kwa 3 mara mbili: 40,173, halafu 13,391. Hii ya mwisho tarakimu zake zina jumla ya 17, kwa hiyo 3 imekwisha, 5 haiingii. Kwa 7 unapata 1,913.

Hapa ndipo wengi huchoka, wakaandika "tasa" bila kujaribu. Jaribu namba tasa kuanzia 7 hadi 43. Usipite hapo, maana 44 × 44 ni 1,936, imeshazidi. Kigawo chochote kikubwa kuliko 43 kingekuwa na mwenzake mdogo ambaye ungeshamkuta. Baki zako ziwe hivi: 7 baki 2, 11 baki 10, 13 baki 2, 17 baki 9, 19 baki 13, 23 baki 4, 29 baki 28, 31 baki 22, 37 baki 26, 41 baki 27, 43 baki 21. Hakuna sifuri, basi 1,913 ni tasa kweli.

241,038 = 2 × 3² × 7 × 1,913.

Mwanangu wa P7 kapata vigawo 16, mwalimu wake anasema 24. (Mzazi, Jinja)

Mwalimu yuko sawa. Ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 2 × 3 × 2 × 2 = 24. Mtoto amesahau kile kipeo cha 2 juu ya 3. Katika kigawo, 3 inaweza kukosekana, kuingia mara moja, au mara mbili: njia tatu, si mbili.

Ni kweli vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vina jumla kubwa kuliko namba yenyewe? (Arua)

Kweli, ni 356,130. Ila si ajabu. Nusu yake (120,519), theluthi (80,346) na sehemu ya sita (40,173) zinatimiza 241,038 barabara, na vigawo vingine bado. Kila kigawe cha 6 kinachozidi 6 kiko hivyo.

Kikokotoo kinanipa 5.809931744 × 10¹⁰ nikizidisha 241,038 kwa yenyewe. Niandike 58,099,317,440? (Gulu)

Hapana. 8 × 8 ni 64, lazima jibu liishie na 4. Kioo cha tarakimu 10 kimekata ya kumi na moja. Igawe: 241,000² ni 58,081,000,000, 2 × 241,000 × 38 ni 18,316,000, 38² ni 1,444. Jumla 58,099,317,444.

Na 256, msimbo wa simu za Uganda, ina vigawo vingapi? (Mbarara)

Ni 2⁸, yaani 16². Vigawo 9, witiri, kama ilivyo kwa kila namba ya mraba.