Mchana washa dimu, fulu iache

Kijana mmoja wa bodaboda wa Morogoro ameniandikia wiki hii: "Kaka, hapa kijiweni tunabishana. Wengine wanasema mchana tutembee na fulu ili magari yatuone. Wewe unasemaje?"

Mdogo wangu, taa iwake tangu unatoka nyumbani mpaka unarudi, lakini iwe dimu, yaani mwanga wa chini, siyo fulu, mwanga wa juu.

Mimi nilianza kuwasha taa mchana baada ya mwenzangu wa kijiweni kugongwa Segerea, Dar es Salaam. Ilikuwa asubuhi, jua kali, naye alikuwa anatoka mjini. Gari lililokuwa linaelekea mjini likakata kulia mbele yake. Dereva akashuka akisema, "Sikumuona kabisa." Kauli hiyo inanichoma mpaka leo. Mtu mzima, pikipiki nyekundu, mchana kweupe, haonekani! Mwenzangu alipona, lakini ana chuma mguuni na boda ameacha.

Tangu hapo taa yangu haizimwi. Nimechekwa sana. Kila mtaa mtu ananionyesha vidole, "Taa! Taa!" Tajiri wangu wa wakati huo, mwenye pikipiki, alilalamika kwamba namalizia balbu. Nikavumilia. Leo vijana wa kijiwe chetu wote wanawasha bila kuambiwa, na hilo najivunia. Wala hatukuanza sisi: Malaysia waliifanya sheria tangu 1992. Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliotoka 2004, ulikuta hatari ya ajali za majeruhi ni ndogo kwa asilimia 27 kwa wanaowasha taa mchana, na asilimia 37 kwa wanaovaa kizibao cha kung'aa.

Sasa fulu. Balbu nyingi za pikipiki ndogo ni wati 35 kwa dimu na 35 kwa fulu. Nguvu ni ileile, ila fulu inainua mwanga hadi machoni mwa anayekuja. Anaona mwanga, lakini anashindwa kupima uko umbali gani na unakuja kwa kasi gani, na indiketa yako iliyo pembeni ya taa inamezwa. Kupepesa fulu ndiyo hatari zaidi. Wewe unamaanisha "niko hapa", mwenzako anaelewa "pita", mwingine anadhani unamwambia kuna trafiki mbele. Anakata kona akiamini umemruhusu.

Halafu tazama kivuli chako. Asubuhi au jioni kikikutangulia, jua liko mgongoni kwako, na dereva anayekuja mbele limempiga usoni. Hapo hata taa isikutie kiburi. Punguza mwendo kwenye kila njia panda, weka vidole kwenye breki, tazama tairi la mbele la gari linalosubiri kukata. Tairi likianza kuzunguka, anakuja.

Vijana, acheni kuiachia kazi yote taa. Vaeni kizibao, kifungeni, na kofia iwe ya rangi nyeupe ukiweza. Abiria uliyempakia ni mzazi wa mtu, amekukabidhi uhai wake kwa nauli ndogo tu. Huna haki ya kumchezea.

Kijana wa Morogoro aliuliza pia kama taa itamaliza betri. Pikipiki nyingi ndogo taa inakula umeme wa koili injini ikiunguruma, kwa hiyo asihofu. Akague kwanza kama dimu yake inawaka, maana wengi wanaotembea na fulu mchana dimu yao iliungua zamani. Balbu ibadilishwe, na fundi ashushe kimo cha taa.