Pilau ya Idi kwa Mchele wa Kyela

SWALI: Ndugu Mhariri, kila Idi nyumbani kwetu hupikwa pilau ya mchele wa basmati unaotoka nje. Mwaka huu nataka kutumia vyakula vya hapa nchini, lakini mama mkwe anahofia kwamba mchele wetu utakuwa bokoboko. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hofu ya mama mkwe ina msingi, ingawa kosa si la mchele bali la maji. Mchele wa Kyela, unaopendwa kwa harufu yake, ukiwa umevunwa karibuni huwa bado na unyevu, hivyo ukiupimia supu kama ya basmati utashikana. Anza na kikombe kimoja na nusu cha supu kwa kila kikombe cha mchele, usiuloweke, kisha palia makaa juu ya mfuniko. Karafuu nunua za Pemba, na iliki, mdalasini na pilipili manga za Muheza, zikiwa nzima, uzitwange mwenyewe siku ileile. Bizari nyembamba kwa kawaida huletwa kutoka India, nami sioni sababu ya kuiacha, maana pilau bila bizari ni wali wa nyama tu. Kwa kinywaji, juisi ya ukwaju inatosha.