Kudungwa nyuki magotini: je, ndiyo shifaa ya Surat An-Nahl?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Pangani hapa Nairobi. Magoti yananisumbua, na presha nainywea atenolol kila asubuhi. Kuna mpiga chuku Eastleigh ambaye sasa ameongeza tiba ya nyuki. Anamshika nyuki kwa kibanio na kumweka gotini mpaka adunge, watano kila goti, mara mbili kwa wiki. Anasema hiyo ndiyo shifaa iliyotajwa katika Surat An-Nahl, na anayeisitia ana upungufu wa imani. Je, niende? Na nikidungwa nikiwa nimefunga Jumatatu, swaumu itabatilika?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullah. Mama, usiende. Sababu kubwa ni hiyo atenolol, nami nitaieleza. Lakini kwanza tuliondoe hilo la imani, maana naona ndilo lililokutia hofu.

Aya ya 69 inataja kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki, chenye rangi mbalimbali, ambacho ndani yake mna shifaa kwa watu. Kinywaji hicho ni asali. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) alitaja shifaa katika mambo matatu: funda la asali, chuku, na kuchoma kwa moto, na hilo la mwisho akawakataza umma wake. Mwiba haumo. Sumu ina tezi zake na kifuko chake karibu na mwiba, mbali na kibofu ambamo nyuki hubebea utamu wa maua. Basi anayeikataa sumu hajaikataa aya, na anayeitumia hafanyi sunna. Ni dawa kama dawa nyingine, hupimwa kwa manufaa na madhara yake.

Je, sumu yaweza kuwa dawa? Yaweza. Ibn Qudama, mwanachuoni wa Kihanbali, katika kitabu chake Al-Mughni anasema kwamba dawa yenye sumu, ikiwa lililo zaidi katika kuitumia ni kufa au kurukwa na akili, haifai. Na ikiwa lililo zaidi ni usalama na manufaa yanatarajiwa, kauli iliyo bora ni kuwa inafaa. Kwa hiyo hukumu inategemea kuijua sumu yenyewe.

Sumu ya nyuki ni maji kwa takriban asilimia 88. Ikikaushwa, karibu nusu ya unga wake ni melitini, protini ndogo ya asidi amino 26 inayotoboa kuta za seli. Maumivu mengi hutokana nayo. Asilimia 10 hadi 12 ni fosfolipasi A2, kimeng'enya ambacho ndicho chanzo kikuu cha mzio. Halafu kuna apamini, inayogusa neva, hialuronidasi, inayolegeza nyama ili sumu ipenye, na histamini kidogo. Mdungo mmoja hutia takriban maikrogramu 50 hadi 140 za sumu kavu, na sehemu kubwa huingia katika sekunde 20 za mwanzo. Ndiyo maana mwiba hutolewa upesi, kwa ukucha au kwa chochote kilicho karibu.

Katika maabara, melitini na viambajengo vingine vimeonekana kupunguza uvimbe, na huko Korea sumu iliyozimuliwa hudungwa kwa sindano kwa maumivu ya viungo. Ushahidi wake bado ni dhaifu. Uholanzi walijaribu kwa wagonjwa 26 wa ugonjwa wa neva ambapo kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo: hadi nyuki 20, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 24. Matokeo yalichapishwa 2005, na hakuna nafuu iliyoonekana. Tiba iliyothibitika barabara ni moja, nayo ni ya watu wenye mzio wa nyuki wenyewe: hudungwa sumu iliyosafishwa kwa kipimo kinachopanda polepole hadi maikrogramu 100, kisha kila mwezi au karibu hivyo kwa miaka mitatu hadi mitano, hospitalini, adrenalini ikiwa tayari.

Hapo ndipo atenolol inapoingia. Mzio mkali ukikupata, presha huporomoka na koo huziba, na dawa ya kwanza ni adrenalini ya paja. Atenolol huziba milango ambayo adrenalini huingilia, kwa hiyo sindano inaweza isifanye kazi ipasavyo. Wala usiache atenolol ghafla ili upate kudungwa, maana moyo wenyewe unaweza kudhurika. Mpiga chuku akikuambia atakujaribu na nyuki mmoja kwanza, hilo si dhamana, kwa kuwa mzio hujengeka kwa kudungwa mara kwa mara. Ripoti ya madaktari wa Hispania ya 2018 inamtaja mwanamke wa miaka 55 aliyepata tiba hii kila wiki nne kwa miaka miwili bila shida, kisha mdungo mmoja ukasababisha kifo chake.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga nyuki hawalisemi. Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanyama wanne, na nyuki ni mmoja wao (Abu Dawud). Nyuki akidunga ngozi ya mtu, mwiba hubaki na yeye hufa. Nyuki kumi kila kikao, mara mbili kwa wiki, ni ishirini. Wanaovuna sumu kwa kioo chenye nyaya za umeme hafifu mlangoni mwa mzinga hawawaui kwa namna hiyo, kwani mwiba haunasi kwenye kioo. Na huyo bwana naye ajue hadithi kwamba anayetibu hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara.

Kuhusu swaumu: Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipitisha 1997 kwamba sindano za ngozi na za msuli zisizo za lishe hazifunguzi, na mwiba naufananisha na hizo. Udhu pia haukatiki kwa mdungo.

Kwa magoti, muombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo; kuimarisha misuli ya mbele ya paja na kupunguza uzito, kama umezidi, kumewafaa wengi. Asali yako endelea nayo, ila kama una sukari.

Wallahu a'lam.